Sewa Haji Paroo: Kutoka duka la familia hadi wodi ya Muhimbili

CHATO: Wagonjwa wa Kanda ya Ziwa wanaopewa rufaa kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, jijini Dar es Salaam, hulikuta huko jengo liitwalo Sewahaji. Jina hilo ni la mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1851 katika familia ya Waismailia yenye asili ya Kutch, nchini India.

Akiwa kijana alijiunga na biashara ya familia yake huko Bagamoyo. Aliiuzia misafara ya bara nguo, shanga na waya wa shaba, akaitafutia wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, waliobeba mizigo kuelekea Tabora na Ziwa Victoria. Misafara iliporudi pwani, alinunua pembe za ndovu.

Faida hiyo aliiwekeza pia katika viwanja na majengo Bagamoyo na Dar es Salaam. Mwaka 1892 aliikabidhi Serikali ya Kijerumani jengo la ghorofa Bagamoyo liwe shule ya watoto wa rangi zote. Aidha, alitoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam, iliyowahudumia Waafrika na Waasia hadi miaka ya 1950.

Alifariki dunia Februari 10, 1897, kabla ya kutimiza miaka 50. Katika wosia wake aliiachia Serikali majengo na ardhi yake ili mapato yake yawasaidie wahitaji, wakiwemo wagonjwa wa ukoma. Misafara ilikoma na maduka yakafungwa, lakini wodi yenye jina lake ingali inapokea wagonjwa.