Harry Ferguson na Nguvu za Farasi

Wengi wetu tumeliona jina la Ferguson limeandikwa ubavuni mwa trekta, lakini ni wachache wajuao kwamba Ferguson alikuwa mtu. Napenda kuwasimulieni maisha yake, maana kuna jambo alilolifahamu ambalo hata leo wenye matrekta wengi hawalijali: kwamba nguvu ya injini peke yake haikwambii ni plau gani ulifunge nyuma ya trekta.

Harry Ferguson alizaliwa tarehe 4 Novemba, 1884, katika shamba la baba yake karibu na mji wa Dromore, kaskazini ya Ireland. Watoto wa nyumba ile walikuwa kumi na mmoja. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 akafanya kazi ya shamba, na kazi ile hakuipenda hata kidogo. Mwaka wa 1902 akaenda Belfast kwa kaka yake aliyekuwa na karakana, na huko akawa fundi hodari. Tarehe 31 Desemba, 1909, aliruka kwa eropleni aliyoiunda mwenyewe, akawa mtu wa kwanza kuruka kwa eropleni katika Ireland. Habari hizo zingetosha makala nzima, lakini sizo nilizokusudia leo.

Mwaka wa 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilikuwa haba, na serikali ikamtaka azunguke nchini kuangalia jinsi matrekta yalivyofanya kazi. Akaenda pamoja na fundi wake, Willie Sands. Walikuta plau limefungwa nyuma ya trekta kama vile lilivyokuwa likifungwa nyuma ya farasi, likiburutwa tu. Uzito wa plau haukulisaidia trekta lolote, kwa hiyo trekta lenyewe lilibidi liwe zito sana ili magurudumu yashike ardhi, na trekta zito huushindilia udongo ule ule unaotaka kuulegeza. Tena kulikuwa na hatari. Plau likikwama katika jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma hayakuweza kusonga, na injini haikusimama. Basi trekta liliinua pua yake juu likapinduka kinyumenyume, na dereva akawa chini yake. Watu walikufa namna hiyo.

Hapa naomba tufanye hesabu kidogo. Chukua plau la majembe mawili, kila jembe lina upana wa sentimita 25, nalo limezama sentimita 20. Kila jembe lakata sentimita za mraba 500. Udongo wa wastani hushindana na jembe kwa nguvu ya kama nusu kilo kwa kila sentimita ya mraba, basi kila jembe lataka kilo 250, na yote mawili kilo 500. Trekta likienda kilometa 4 na nusu kwa saa, yaani meta 1.25 kwa sekunde, kazi hiyo ni ya farasi 8 tu, kwa kuwa nguvu ya farasi mmoja ni kuvuta kilo 75 meta moja kwa sekunde. Katika udongo mzito wa mfinyanzi mvuto waweza kufika kilo 900, na hapo watakiwa farasi 15. Trekta dogo lenye farasi 20 na kitu laonekana litaweza, hata kama farasi kadhaa hupotea njiani kabla ya kufika kwenye plau. Lakini trekta hilo lina uzito wa kilo 1,100 hivi, na trekta la magurudumu lisilobebeshwa kitu huvuta kama nusu ya uzito wake. Likitakiwa kuvuta kilo 900, tairi zateleza tu.

Nimeliona jambo hili nyumbani kwetu. Trekta la kukodi lilifungwa plau la diski tatu katika mbuga nyeusi baada ya mvua. Tairi zikazunguka pale pale mpaka mhimili ukagusa ardhi, na injini ikinguruma bila dalili ya kuchoka. Mwenye trekta akasema ataleta lenye nguvu zaidi. Kwa maoni yangu kufungua diski moja kungetosha. Tena diski haizami yenyewe kama jembe la bapa; huzamishwa na uzito, ndiyo sababu plau la diski hutengenezwa zito, na trekta dogo likiliinua huwa jepesi mbele.

Dawa ya Ferguson ilikuwa kulifanya plau na trekta kuwa kitu kimoja. Alilishika plau kwa mikono mitatu ya chuma, miwili chini na mmoja juu. Udongo unapolivuta plau nyuma, mkono wa juu husukuma trekta mbele na kulizuia lisiinue pua, na uzito wa plau pamoja na wa udongo hukaa juu ya magurudumu ya nyuma. Tena udongo ukizidi ugumu, mkono wa juu hubonyeza springi, springi hufungua vali, na pampu ya mafuta huliinua plau kidogo mpaka mzigo ulingane na trekta. Hati ya kulinda ubunifu huo aliipata mwaka wa 1926.

Mwaka wa 1936 David Brown wa Huddersfield alianza kumtengenezea matrekta, lakini wakakosana, maana Brown alitaka trekta kubwa zaidi na Ferguson akakataa. Oktoba 1938 alimwonyesha Henry Ford trekta lake huko Dearborn, Marekani, na wazee hao wakapatana kwa kupeana mikono tu, bila karatasi. Naona ajabu watu wenye akili kama wale kufanya hivyo. Mwaka wa 1947 mjukuu wa Ford aliyavunja mapatano. Ferguson akashitaki akidai dola milioni 251, na mwaka wa 1952 akalipwa milioni 9 na robo.

Wakati huo trekta lake dogo la kijivu lilikuwa likitoka kiwandani Coventry, Uingereza. Tangu 1946 hata 1956 yalitengenezwa zaidi ya 500,000. Mwaka wa 1953 aliiunganisha kampuni yake na Massey-Harris. Walipobishania dola milioni moja, waliamua kwa kurusha sarafu, na Ferguson akashindwa. Alikufa tarehe 25 Oktoba, 1960, nyumbani kwake Uingereza. Mikono yake mitatu imo nyuma ya karibu kila trekta la shamba linalotengenezwa leo, liwe la kampuni yo yote.