Richard Hindorf: Miche 62 ya mkonge na safari ndefu ya kufikia kiti cha gari

MASHAMBA ya mkonge ya Voi na Mwatate, na vikapu vinavyosukwa na wanawake wa Rukanga chini ya mlima Kasigau, vina deni kwa miche 62 iliyonusurika safari ya bahari na kufika Tanga mwaka wa 1893. Aliyeiagiza ni Dkt Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo kutoka Ujerumani, ambaye jina lake hutajwa zaidi Tanzania kuliko Kenya.

Hindorf hakuwa fundi wa magari wala mshonaji wa viti. Hata hivyo, maisha yake yanastahili kukumbukwa wakati huu ambapo waundaji wa magari wanatafuta malighafi za viti na sehemu nyingine za ndani zisizotokana na mafuta ya petroli. Mmea aliouleta umo katika orodha ya mimea inayotazamiwa. Historia yake inaonyesha pia kwamba kuwa na mmea ni jambo moja, na kuula utamu wake ni jambo jingine.

Alizaliwa mwaka wa 1863 huko Ruhrort, mji wa bandari kando ya mto Rhine. Baada ya masomo ya kilimo aliajiriwa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ambayo ilikuwa imejitwalia ardhi kubwa katika eneo ambalo sasa ni Tanzania Bara. Ardhi ilikuwepo, lakini zao la kulipa gharama halikuwepo. Kahawa ilijaribiwa katika milima ya Usambara. Nyanda kavu za Tanga na Pangani zilihitaji mmea wa namna nyingine, usioogopa jua wala kudai mvua nyingi.

Jibu alilipata katika jarida la bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, lililoeleza habari za mkonge wa Yucatán nchini Mexico. Mexico ilikuwa ikitajirika kwa nyuzi zake, na haikuwa tayari kuuachia ulimwengu mbegu ya utajiri huo. Hindorf akageukia Florida nchini Marekani, ambako daktari mmoja wa huko, Henry Perrine, alikuwa amepeleka mkonge katika miaka ya 1830.

Miche 1,000 ilinunuliwa Florida na kupakiwa melini. Ilipofika Hamburg, iliyokuwa hai ilikuwa takriban 200. Ilipofika Tanga ilibaki 62. Katika simulizi za mashambani husemwa kwamba ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Hadithi hiyo inapendeza masikioni, lakini ukweli ni wa kawaida zaidi: ilikuwa biashara ya wazi, na adui wake mkubwa alikuwa safari yenyewe.

Miche hiyo ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mkonge huchanua mara moja tu maishani kisha hufa, lakini kabla ya kufa huchomoza mlingoti mrefu unaobeba vichipukizi vingi, na kila kimoja chaweza kuwa mmea kamili. Kwa njia hiyo, kufikia mwaka wa 1898 miche 62 ilikuwa imezaa mimea ipatayo 63,000. Mwaka wa 1913 koloni hilo lilisafirisha zaidi ya tani 20,000 za katani, na hakuna zao jingine lililoliletea pato kubwa zaidi.

Nyuma ya hesabu hizo walikuwepo watu. Mkonge hukatwa kwa mkono, jani baada ya jani, na miiba yake haimwonei haya mkataji. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali kwa mikataba, kila mmoja na namba yake, wakaitwa manamba. Jina hilo lilidumu hata baada ya Wajerumani kuondoka, na limebaki katika Kiswahili kama kumbukumbu ya enzi ambayo mtu alitambuliwa kwa tarakimu kabla ya jina lake.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, koloni alilolitumikia Hindorf likageuka uwanja wa mapigano, na moto ukavuka mpaka. Wajerumani walilenga Reli ya Uganda iliyopita Voi, na mwaka wa 1915 wakauteka mlima Kasigau. Waingereza waliwashuku wenyeji kwamba waliwasaidia maadui, wakawaondoa na kuwapeleka Malindi. Wengi walifia uhamishoni, na waliosalia waliruhusiwa kurudi katika miaka ya 1930. Hivyo jamii ya Rukanga na vijiji jirani ililipa gharama ya himaya za watu wengine kabla mkonge haujawa kitu kikubwa katika maisha yake.

Baada ya vita Ujerumani ilipoteza koloni, na mashamba ya raia wake yalitwaliwa na kuuzwa. Kazi ya Hindorf ikaendelea mikononi mwa wengine. Mkonge ulikuwa tayari umevuka kuingia Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, na ulipata makao katika nyanda kavu za Taita Taveta. Mashamba yalienea Voi, Mwatate na Taveta, na lile la Mwatate lingali miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika. Pamoja na mashamba kulizuka malalamiko ya ardhi ambayo yamepokezanwa kutoka kizazi hadi kizazi.

Soko kuu la katani lilikuwa kamba: za meli na za kufungia mazao mashambani Ulaya na Marekani. Lakini matumizi mengine, yasiyojulikana sana, yalikuwa ndani ya magari. Katika sehemu ya kwanza ya karne ya 20 kiti cha gari kiliundwa kwa tabaka: kiunzi, springi za chuma, kisha pamba au manyoya, na juu kitambaa au ngozi. Kati ya springi na pamba palihitajika kitu kigumu kiasi cha kuzuia chuma kisichimbe mto, lakini chepesi kiasi cha kunesa. Mkeka wa katani ulifaa kazi hiyo. Abiria aliketi juu ya mkonge bila kujua.

Hali hiyo ilibadilika sponji ya poliuretani ilipoenea kuanzia miaka ya 1950. Sponji ilikuwa nyepesi, rahisi, na iliweza kumiminwa katika umbo lolote. Kwa starehe na bei, katani haikufua dafu. Hindorf alifariki mwaka wa 1954, akiwa na umri wa takriban miaka 90, miaka michache tu baada ya bei ya mkonge kupanda sana wakati wa vita vya Korea. Hakuushuhudia mporomoko. Uzalishaji wa Tanganyika ulipita tani 200,000 katika miaka ya 1960, kisha kamba za plastiki zikalivamia soko, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa ikizalisha takriban tani 20,000 tu. Kenya nayo iliyumba.

Kilichoiangusha katani ndicho kinachoirudisha. Sponji na plastiki hutokana na petroli, na gari likichakaa ni vigumu kuzitumia tena. Mwaka wa 2000 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayowawajibisha waundaji kwa magari yaliyokwisha maisha, na kufikia mwaka wa 2015 asilimia 95 ya uzito wa gari ilitakiwa kutumiwa tena au kurejelezwa kwa njia fulani. Kabla ya hapo, mwaka wa 1996, Mercedes-Benz ilikuwa imeanza kutengeneza paneli za milango ya gari lake la E-Class kwa mkeka wa kitani na katani ulioshikanishwa kwa gundi ngumu. Uzito ulipungua kwa takriban asilimia 20, na gari jepesi hutumia mafuta kidogo.

Kiti, hata hivyo, kina masharti makali kuliko mlango. Kwanza ni usalama: kiti hubeba mwili wakati wa mgongano, na kiunzi chake lazima kishirikiane na mkanda, ambao nchini Kenya uliwekewa mkazo katika magari ya abiria kuanzia Februari 2004. Katani haiwezi kuchukua nafasi ya chuma cha kiunzi. Inaweza kuimarisha mgongo wa kiti na vifuniko vyake, na ikivunjika haitoi vipande vikali kama vya nyuzi za kioo. Pili ni moto: kanuni ya Marekani inataka vitambaa na mito ya ndani ya gari isiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika, na nyuzi za mmea huhitaji dawa ili zifikie kiwango hicho. Tatu ni starehe: mkeka wa nyuzi hupitisha hewa na jasho kuliko sponji, jambo lenye maana katika joto la Voi, lakini nyuzi hunyonya unyevu na zisipotayarishwa vyema huvunda.

Kwa hiyo katani haifiki kwenye kiti kwa kukatwa na kukaushwa tu. Inahitaji kuchambuliwa, kusafishwa, kutiwa dawa, kusukwa mkeka na kupimwa maabarani. Hatua hizo ndizo zenye fedha, na hadi sasa nyingi hufanyika mbali na mahali mkonge unapomea. Kenya ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa katani duniani, pamoja na Brazil na Tanzania, lakini sehemu kubwa husafirishwa ikiwa malighafi, nyingine ikiishia kuimarisha jasi za kuta ughaibuni. Aidha, nyuzi ni takriban asilimia nne tu ya uzito wa jani. Mabaki yake, ambayo Hale nchini Tanzania yamewahi kutumika kuzalisha gesi ya umeme, kwingi hutupwa.

Rukanga inatoa mfano mdogo wa njia nyingine. Huko mwanamke huisokota katani, huitia rangi, na kuisuka kikapu kinachouzwa hadi ng'ambo. Thamani huongezwa mikononi mwake kabla mzigo haujaondoka kijijini. Marufuku ya mifuko ya plastiki nchini Kenya, iliyoanza Agosti 2017, ilionyesha kwamba soko laweza kufunguka kwa uamuzi mmoja wa serikali. Kutoka kikapu hadi mkeka wa kiti ni mwendo mrefu unaodai mitambo, viwango na mtaji, lakini fundi wa jua kali anayeshona upya viti vya matatu mjini Voi anaishi karibu na malighafi hiyo kuliko mhandisi yeyote wa Ulaya.

Hindorf atabaki mtu wa zama zake. Aliitumikia kampuni ya kikoloni, akatafuta faida yake, na hakuulizwa kuhusu haki ya mwenye ardhi wala ya manamba. Alichothibitisha ni kwamba mimea 62 ikitunzwa yaweza kubadili uchumi wa nchi. Hakuthibitisha kwamba mabadiliko hayo yatawafaidi wanaoilima. Kazi hiyo aliwaachia wengine, na Taita Taveta bado haijaimaliza.