Amedeo wa Aosta: Mwanamfalme Aliyefia Kifungoni Kenya

Vita vya Mtaliano vikitajwa, wengi wetu hukumbuka Moyale, Kismayu na Mogadishu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwanzoni mwa 1941 mto wetu wa Tana ndio uliokuwa mstari wa vita. Garissa na Bura zilijaa magari na askari waliongoja amri ya kwenda kumkabili Mtaliano ng'ambo ya Liboi. Wachache zaidi wanajua kwamba mkuu wa majeshi ya upande wa pili, mtu wa ukoo wa kifalme, alimalizia maisha yake hapa hapa Kenya akiwa mateka, mbali na mke na watoto wake. Huyo ni Amedeo, Duke wa Aosta.

Alizaliwa mjini Turin tarehe 21 Oktoba 1898. Baba yake, Emanuele Filiberto, alikuwa binamu wa Mfalme wa Italia, na mama yake, Hélène, alitoka katika ukoo wa wafalme wa zamani wa Ufaransa. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta akiwa kijana wa miaka 16, naye akajiunga na kikosi cha mizinga kama askari wa kawaida. Baada ya vita alifuatana na ami yake, Luigi, Duke wa Abruzzi, hadi Somalia. Huyo ami ndiye aliyeanzisha mashamba makubwa ya Jowhar kando ya mto Shabelle, na huko huko ndiko alikofia na kuzikwa mwaka 1933.

Kisha Amedeo alifanya jambo lililowashangaza jamaa zake. Alikwenda Kongo, mji wa Stanleyville ambao leo unaitwa Kisangani, akafanya kazi katika kiwanda cha sabuni kama mfanyakazi yeyote. Afrika basi hakuijua kwa ramani tu. Aliijua kwa jasho, ingawa ni jasho la mtu aliyeweza kuondoka siku yoyote aitakayo.

Tarehe 5 Novemba 1927 alimwoa mjini Naples binamu yake, Anne wa Orléans. Wakajaliwa mabinti wawili, Margherita mwaka 1930 na Maria Cristina mwaka 1933. Nyumba yao ilikuwa kasri la Miramare, kando ya bahari karibu na Trieste. Amedeo alikuwa rubani, mtu mrefu kupita kiasi, na waliomjua walimsifu kwa upole.

Mwishoni mwa 1937 aliteuliwa kuitawala Ethiopia kwa niaba ya mfalme, mahali pa Marshali Graziani. Hapa tusifiche kitu. Ethiopia ilikuwa imevamiwa na kupigwa kwa gesi ya sumu, na Februari ya mwaka huo huo maelfu ya watu waliuawa Addis Ababa baada ya jaribio la kumuua Graziani. Amedeo aliupunguza ukali huo, lakini nchi ilibaki ya watu wengine na yeye alibaki mtawala wa kigeni. Upole wa mtawala hauugeuzi uvamizi kuwa haki.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Sisi wa upande huu tulikuwa jirani za Mtaliano kwa sababu Jubaland, iliyokuwa sehemu ya Kenya, alipewa yeye mwaka 1925. Mwezi wa Julai 1940 majeshi yake yaliichukua Moyale. Waingereza walijipanga nyuma ya Tana, na ilipofika Februari 1941 wakasonga mbele. Pamoja nao walikuwa askari wa KAR, au Keya kama wazee walivyozoea kusema, na wengine kutoka Nigeria, Gold Coast na Afrika Kusini. Kismayu ilianguka tarehe 14 Februari na Mogadishu tarehe 25. Tarehe 6 Aprili waliingia Addis Ababa.

Amedeo hakutaka kupigania Addis Ababa mtaa kwa mtaa. Mji ulikuwa na maelfu ya raia wa Kitaliano, wake kwa watoto, na vita vya mitaani vingewamaliza. Aliuacha mji, akapanda kaskazini hadi mlima wa Amba Alagi na wanajeshi waliobaki naye. Huko walizingirwa pande zote. Waliojeruhiwa hawakuwa na matibabu ya kutosha, na mwishowe kombora lilipiga akiba ya mafuta, mafuta yakatiririka na kuharibu maji ya kunywa. Mtu anaweza kustahimili njaa kwa siku nyingi, lakini kiu haina subira. Mwezi wa Mei 1941 alisalimu amri. Waingereza waliwapa heshima za kijeshi, wakateremka mlimani mbele ya gwaride la washindi wao.

Hivyo ndivyo mwanamfalme alivyoletwa Kenya akiwa mateka. Aliwekwa Donyo Sabuk, upande wa Thika, huku makumi ya maelfu ya askari wake wakigawanywa katika kambi za Nanyuki, Gilgil, Nyeri na kwingineko. Mateka wa vita walilindwa na Mkataba wa Geneva wa 1929: walistahili chakula, matibabu na barua kupitia Msalaba Mwekundu. Hata hivyo kifungo ni kifungo. Adui mkubwa wa mateka aliyeshiba ni siku zisizo na mwisho, na kutojua kama nyumbani wako hai.

Kila mmoja alitafuta njia yake ya kubaki mtu. Wapo waliojenga kanisa dogo la Mai Mahiu mwaka 1942, ambalo wasafiri wa Bonde la Ufa wanaliona hadi leo. Felice Benuzzi, aliyetenganishwa na mke na binti yake, alitoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943 pamoja na wenzake wawili, akapanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana, kisha akarudi mwenyewe kambini kufungwa tena. Aliyeyatenda hayo hakuwa mwendawazimu. Alitaka tu siku chache zilizo zake.

Amedeo hakupata muda wa namna hiyo. Malaria ilimshika, kifua kikuu kikaongezea, na mwili ukaisha upesi. Alihamishiwa hospitali ya kijeshi ya Nairobi, akafariki tarehe 3 Machi 1942, umri wake miaka 43. Mke na mabinti zake walikuwa Italia, na bahari yote katikati ilikuwa uwanja wa vita. Hapakuwa na wa nyumbani wa kumshika mkono. Aliomba azikwe pamoja na askari wake, na hivyo ndivyo ilivyofanyika. Yuko Nyeri, katika kanisa la kumbukumbu la Wataliano, na kuta zinazomzunguka zimehifadhi mabaki ya mamia ya askari waliokufa Kenya na jirani zake. Kasri la Miramare aliliacha, akachagua kulala na wenzake wa kifungo.

Kwa mjane wake mambo hayakuishia hapo. Septemba 1943 Italia iliachana na Ujerumani, na Wajerumani wakawageukia jamaa za mfalme. Mwaka 1944 Anne na mabinti zake wawili walikamatwa na kupelekwa Austria, pamoja na wifi yake Irene na mtoto wa Irene aliyekuwa hajatimiza hata mwaka mmoja. Mtoto huyo aliitwa Amedeo, jina la ami yake aliyelala Nyeri. Wake wawili na watoto watatu walikaa kifungoni humo hadi vita vilipokwisha Mei 1945. Wote walitoka hai. Anne hakuolewa tena, naye alifariki mwaka 1986, miaka 44 baada ya mumewe.

Mtu wa Tana akiisikia habari hii, tarehe moja lazima imguse. Amedeo alifariki tarehe 3 Machi 1942. Tarehe 3 Machi 1959, huko Hola, ng'ambo ya mto tukitazama kutoka Masalani, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa na askari wa kambi kwa sababu walikataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Serikali ya kikoloni ilitangaza kwanza kwamba waliugua baada ya kunywa maji. Uchunguzi ndio uliofichua kwamba ni marungu.

Serikali ni ile ile ya Mwingereza, nchi ni hii hii ya Kenya, na kati ya vifo hivyo ni miaka 17 tu. Mmoja aliitwa mateka wa vita, akawa na mkataba wa kumlinda na akazikwa kwa heshima za kijeshi. Wale wengine walizuiliwa bila kufikishwa mahakamani, na hawakupewa jina la mateka wala haki zake. Nao pia walikuwa na wake waliongoja na watoto waliouliza baba yuko wapi. Simtaji Amedeo ili tumwonee wivu heshima aliyopewa. Heshima ile ilikuwa haki ya kila aliyefungwa, na kisa chake kinathibitisha kwamba Mwingereza alijua namna ya kuitoa alipotaka.

Maisha ya Amedeo yameandikwa, na kaburi lake lina walinzi. Ya kwetu bado. Wapo babu zetu waliokuwa Keya, waliochukua mizigo ya jeshi kutoka Bura, na waliokuwa upande wa Mtaliano wakatekwa kama yeye. Waliokuwa watoto mwaka 1941 leo wamepita miaka 80, na kila msimu tunazika mmoja. Mwenye bibi au babu Masalani, Ijara au Hola ambaye bado anakumbuka, amkalie kitako jioni moja, amuulize, na aandike.