FRED ARNOT, MTU ALIYEFIKA BUNKEYA MIKONO MITUPU

Katika namba hii ya buletini tunataka kuwaelezea maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake linasikika sana katika makanisa ya Garenganze, lakini habari zake wengi wetu hatuzijui. Ni Frederick Stanley Arnot. Tumemchagua kwa sababu alikaa katika inchi yetu hii ya shaba, na hakufunga mkono wake juu ya kitu.

Arnot alizaliwa Glasgow, inchi ya Scotland, tarehe 12 Septemba 1858. Alipokuwa mtoto, wazazi wake walikaa Hamilton, fasi ambapo jamaa ya Livingstone walikuwa na nyumba. Alicheza pamoja na watoto wa Livingstone, tena alimsikia Livingstone mwenyewe akisema juu ya Afrika. Tangu wakati ule aliweka moyoni kwamba naye atakuja huku. Hakukaa kuota tu. Alijifunza kazi za mikono, sababu alijua kwamba huku hatakuta mtu wa kumtengenezea vitu.

Katika mwezi wa saba 1881 aliingia katika mashua kubwa kuja Afrika. Alikuwa na miaka 22, yaani aliwapita kidogo tu wakubwa wa mwaka wa sita. Alikuwa wa kanisa la Wandugu. Hao hawakuwa na biro ya misioni yenye kulipa mshahara kila mwezi. Mtu alikwenda akimtegemea Mungu, na waamini waliopenda walituma zawadi. Siku zile huko Bristol, Uingereza, kulikuwa mtu mwingine wa imani ya namna ile, George Müller. Yeye alilea watoto yatima zaidi ya 10,000 katika maisha yake, na hakuomba mtu feza. Tusizani kwamba hiyo ni uvivu ao njia ya kula pasipo kutumika. Arnot alitumika sana. Lakini hakuhesabu kitu kuwa chake hata kikikuwa mkononi mwake.

Alishuka Natal, akapita inchi ya mfalme Khama, ambaye alimsaidia, akavuka jangwa la Kalahari. Mwisho wa 1882 alifika kwa mfalme Lewanika wa Walozi, kando ya mto Zambezi. Kule alikaa mwaka moja na nusu. Alipata homa mara mingi, njaa nayo ilimpata. Katika 1884 alitoka, akafuata njia ya mangaribi mpaka Benguela, pembeni ya bahari ya Angola.

Kule Benguela njo alisikia habari ya Msiri, mfalme wa Bayeke, ambaye alikuwa ametuma barua kuomba wazungu wafike kwake. Arnot angeweza kurudia kwao akapumzike. Lakini aligeuka nyuma, akarudi tena ndani ya pori. Tarehe 14 Februari 1886 alifika Bunkeya, upande wa kaskazini wa Likasi yetu hii. Alikuwa misionere wa kwanza kuja kukaa katika Katanga.

Sasa tuangalie watu hawa wawili, maana hapa njo kuna fundisho. Msiri alikuwa tajiri. Shaba ya Katanga, pembe za tembo na watumwa, vyote vilipita mkononi mwake, vikaenda mpaka pembeni ya bahari ya mashariki na ya mangaribi. Kwa vile alinunua bunduki na baruti. Mzungu akija, watu walizani kwamba analeta baruti, ao anatafuta kununua. Arnot hakuwa na baruti ya kuuzisha, hakutafuta pembe, wala hakuuliza machimbo ya malakiti iko wapi. Waganga walimpima kwanza na dawa zao, wajue moyo wake ni wa namna gani. Nyuma Msiri alimpa fasi ya kujenga.

Maisha kule hayakuwa rahisi. Wakati ule kitambaa na ushanga njo ilikuwa feza. Mtu anakata kitambaa, anapata unga. Kitambaa kikiisha, hakuna unga. Vitu vilitoka mbali Benguela, juu ya vichwa vya wapagazi, na njia ilikuwa ya miezi mingi. Mwenye akili ya dunia angefungia vitu vyake katika sanduku na kulalia ufunguo. Arnot aliwapa wagonjwa dawa. Alipokea watoto wa watumwa na watoto wasiokuwa na mtu, akawalea nyumbani mwake, wakala chakula chake. Kila mtoto aliyeingia alipunguza chakula kile. Arnot alijua kuhesabu sawa sisi, hata hivi hakufunga mlango.

Mwisho wa 1887 wandugu wawili, Swan na Faulknor, walifika kumsaidia. Katika 1888 Arnot alikwenda Uingereza. Akaoa, akarudi Afrika na watumishi wengine. Mmoja wa hao alikuwa kijana Dan Crawford, ambaye alikaa huku miaka 22 pasipo kurudia kwao hata mara moja, na ambaye alitafsiri Biblia katika Kiluba-Sanga. Arnot mwenyewe aliendelea na safari mpaka mwili ulikataa. Alikufa Johannesburg mwezi wa tano 1914, na miaka 55. Hakuacha mali. Aliacha makanisa.

Na Msiri? Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na watu wa msafara wa Stairs, waliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold II. Njaa ikaingia Bunkeya, watu wakatawanyika. Hatusemi hivi ili tumcheke mfalme wetu wa zamani. Wale waliomwua walifunga mkono juu ya shaba ile ile, tena kwa nguvu kuliko yeye. Tangu siku zile ginsi gani watu wa Katanga wametazama shaba ikitoka, na wao wakibaki na vumbi! Shaba haikuwa na kosa. Kosa ni mkono uliofungwa.

Sisi tunaoandika tunapaswa kuungama jambo moja. Mwaka uliopita rafiki yetu wa kalasi alirudishwa kwao sababu ya feza ya masomo. Katika sanduku letu kulikuwa feza tuliyochunga ya kununua viatu vya sikukuu. Haikutosha deni yake yote, lakini ingetosha nusu. Tulimshika mkono, tukamwambia kwamba tutamwombea. Asubuhi alitoka na daftari zake chini ya kwapa. Nyuma tulisikia kwamba anachimba pamoja na wachimbaji wa mikono upande wa Kambove, na hakurudi. Viatu tulinunua. Vimekwisha kupasuka.

Bwana Yesu hakumwuliza yule mtoto ya mikate mitano kama itatosha watu wote. Mtoto alitoa ile aliyokuwa nayo tu.

Ndugu, sisi wa mwaka wa sita tunakaribia egzameni ya Leta, halafu tutatoka. Tumepatana hivi: magodoro, daftari zenye kurasa nyeupe na vitabu vyetu tutaviacha kwa wadogo wetu wasiokuwa navyo. Ni kitu kidogo. Lakini ninyi mnaobaki msingoje siku ya kutoka. Leo jioni, kwenye meza ya bukari, angalieni nani anakula pasipo mboga.

Mungu atufungue mikono.

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa sita, Likasi