Siti binti Saad: sauti ya Fumba iliyovuka bahari hadi Bombay

Juzi tulikuwa arusini Kinanie, huko Machakos, ambako baadhi ya watu wetu wa pwani wamehamia kufuata kazi za viwanda vya Athi River. Usiku, baada ya watu kula na kushiba, vijana wakapiga taarab. Mzee mmoja akawauliza ni mwanamke gani wa kwetu aliyetangulia kutia sauti yake katika sahani ya santuri. Majina yalitajwa mengi, ya walio hai na waliokwisha kufa, lakini jina lenyewe halikutoka mpaka mzee alipolitoa mwenyewe. Basi leo, ndugu msomaji, tumkumbuke marehemu Siti binti Saad.

Alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake, mzee Saad, alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, wote wawili watu waliotokana na utumwa. Mtoto wao wakamwita Mtumwa. Jina hilo halikuwa la utani, kwani sheria ya kufuta utumwa Unguja haikutoka mpaka mwaka 1897. Nyumbani kwao walifinyanga vyungu, na kazi ya binti ilikuwa kuvitia kichwani, kuzunguka navyo na kuvinadi. Inasimuliwa kwamba watu waliitambua sauti yake ingali mbali, naye mwenyewe hajaonekana. Shule hakwenda, wala chuoni hakutiwa. Aliolewa, akaachika, akarudia vyungu vyake.

Mwaka 1911 alihama Fumba akaingia mjini, akakaa Ng'ambo, mtaa wa wafanyakazi, wachukuzi na wengi waliotoka utumwani. Huko akakutana na Ali Muhsin, mwanachama wa Ikhwani Safaa, chama cha muziki kilichoasisiwa mwaka 1905. Yeye ndiye aliyemfunza kuimba kwa kufuata ala. Tukumbuke kwamba taarab ya wakati ule ilikuwa jambo la wanaume na la wakubwa. Ilikuwa imeota mizizi katika jumba la Sayyid Barghash, ikaimbwa kwa Kiarabu, na msikilizaji asiyejua lugha hiyo alibaki kufurahia sauti tu. Siti aliimba kwa Kiarabu pia, tena vizuri, lakini alipofungua kinywa kwa Kiswahili, hata muuza maji alielewa.

Jina la Mtumwa likafa hapo. Watu wakamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Kikundi chake kilikuwa na mafundi kama Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mwalimu Shaaban, na Mbaruk Talsam aliyetoka kwetu Mombasa. Usiku walikusanyika nyumbani kwake kufanya mazoezi, na majirani wakajaa barazani kusikiliza. Waliitwa pia kwenye arusi, kwenye majumba ya matajiri na mbele ya Sultani Khalifa bin Harub. Lakini nyimbo zilitungwa Ng'ambo, na mambo ya Ng'ambo ndiyo yaliyoimbwa: ulevi, wizi wa mali ya umma, mahakama zinazomwonea mnyonge.

Wimbo wa Kijiti watosha kuwa mfano. Mwanamke mja mzito alitoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea, akatolewa usiku na mtu huyo Kijiti, akauawa. Muuaji akatorokea bara. Wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Kesi za namna hiyo kwa kawaida hufa pamoja na wanaozijua. Hii haikufa, kwa sababu Siti aliitia katika wimbo, na wimbo ukatiwa katika sahani.

Habari ya sahani ndiyo hii. Kampuni ya His Master's Voice, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilikuwa imezoea kuuza Unguja sahani za Misri na za Bara Hindi. Mwezi wa Machi mwaka 1928 ikamchukua Siti na wenzake kwa meli hadi Bombay, ili kuona kama kuna atakayenunua sahani ya Kiswahili. Fikirini safari hiyo: binti wa mfinyanzi anavuka Bahari ya Hindi kwa sababu ya koo lake. Na huko Bombay kazi haikuwa nyepesi. Upande mmoja wa sahani za siku zile ulichukua dakika tatu tu au zaidi kidogo, na nyimbo za taarab huimbwa kwa nafasi, mwimbaji akirudia beti kila hadhira inapopandwa na hamu. Ikabidi wapunguze. Tunachokisikia leo katika sahani hizo ni kipande tu cha ule usiku wa Ng'ambo.

Hata hivyo kipande hicho kilitosha. Kampuni iliwaita tena mwaka 1929 na mwaka 1930, na kufikia mwaka 1931 ilikuwa imeuza zaidi ya sahani 70,000 za nyimbo zao. Wenye mikahawa walinunua gramafoni ili kuvuta wateja, na asiye na senti ya kahawa alisimama dirishani. Kampuni nyingine, kama Odeon na Columbia, zilipoona biashara ilivyo zikaja nazo Afrika Mashariki kutafuta waimbaji. Ndipo Kiswahili kikapata mahali pake katika soko la santuri.

Mjini hawakukosekana waliochukia. Walitunga maneno ya kumkumbusha kaniki na vyungu alivyokuja navyo kutoka shamba, na sura yake wakaitia kasoro. Siti hakwenda kwao kugombana. Alijibu kwa wimbo, kwamba sura na nasaba si kitu mbele ya akili na adabu. Jibu lake likaimbwa na watu kuliko matusi yenyewe, na kwa kweli mimi sijui kesi ya kashfa iliyowahi kulipwa vizuri kama hiyo.

Alifariki mwezi wa Julai mwaka 1950, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kabla ya hapo Shaaban Robert alikuwa amewahi kuonana naye, na kutokana na hayo akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho wengi wetu tulikutana nacho shuleni. Waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, TAMWA, walipoanzisha jarida lao mwaka 1988, walilipa jina la Sauti ya Siti.

Mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake, iitwayo Siti of Unguja. Muziki uliongozwa na Mohamed Issa Matona wa Zanzibar, mtayarishaji akawa Sam Jones, nayo kampuni iliyoitoa ni ya London. Safari hii hakuna mwimbaji aliyepandishwa meli. Mtayarishaji ndiye aliyefunga mizigo, akaifuata sauti Unguja.