Elizabeth Hughes: Mtoto wa kisukari aliyeishi na njaa miaka mitatu

Mzazi, kama una mtoto ambaye daktari amempunguzia au amemkatalia vyakula fulani, huenda umeshayaona haya. Hajamaliza chai ya asubuhi, anauliza mchana mtakula nini. Mkienda kwa jirani, macho yake hayatoki kwenye sahani za watu. Akicheza, mchezo wake ni kupika. Usiku ukihesabu maandazi, mawili hayapo.

Wazazi wengi wanaokuja kliniki na habari kama hizi huja wakiwa na hasira au aibu. Wanasema mtoto amekuwa mlafi, mdokozi, hana adabu. Wiki hii nakuomba uketi nikusimulie maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani ambaye wengi wanaosoma historia ya kisukari wanamfahamu. Ukimaliza, naamini utamtazama mwanao kwa jicho jingine.

Binti wa mkubwa

Elizabeth Evans Hughes alizaliwa Agosti 19, 1907, wakati baba yake, Charles Evans Hughes, akiwa gavana wa jimbo la New York. Baadaye baba huyo aligombea urais mwaka 1916 akashindwa, akawa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 1921, na mwaka 1930 akawa Jaji Mkuu wa Marekani. Nyumba yao haikukosa fedha, madaktari wala chakula.

Mwaka 1919, akiwa na miaka 11, Elizabeth alikuwa na kisukari, kile tunachokiita leo kisukari cha aina ya kwanza. Katika ugonjwa huu kongosho huacha kutengeneza insulini. Bila insulini, sukari hubaki kwenye damu na kumwagika kwenye mkojo, huku mwili ukikosa nguvu ya kutumia. Mtoto hunywa maji bila kukata kiu, hukojoa mno, hula sana na bado hukonda. Wakati huo insulini ilikuwa haijagunduliwa, na watoto wengi waliopata ugonjwa huu walikufa ndani ya miezi, au mwaka mmoja hadi miwili.

Tiba ya njaa

Wazazi wake walimpeleka kwa Dk. Frederick Allen, mmoja wa mabingwa wakubwa wa kisukari wa zama zile. Allen alikuwa amegundua kwamba mgonjwa akipunguziwa sana chakula, sukari hupungua kwenye mkojo na maisha hurefuka kidogo. Hivyo tiba yake ilikuwa kufunga. Mgonjwa aliacha kula kabisa hadi sukari iishe kwenye mkojo, kisha akarudishiwa chakula kidogo kidogo. Sukari ikionekana tena, alifunga tena.

Chakula kilipimwa kwa mizani, gramu kwa gramu. Katika tiba hii mboga zilichemshwa mara tatu, na kila mara maji yakamwagwa, ili wanga uliomo upungue. Ikabaki mboga isiyo na ladha wala nguvu. Yapo majuma ambayo Elizabeth aliishi kwa kalori 400 hadi 600 kwa siku, wakati mtoto wa umri wake anahitaji 2,000 hivi.

Usimhukumu Allen haraka. Hakuwa na dawa nyingine mkononi, na alijua anachowafanyia wagonjwa wake. Alikuwa akiwanunulia muda, kwa matumaini kwamba sayansi ingewahi kufika.

Keki ya boksi la kofia

Elizabeth alikuwa mtoto mtiifu mno. Familia ilimwekea muuguzi wa kuwa naye siku zote, na majira ya baridi ya mwaka 1921 kuingia 1922 walikaa wawili hao katika kisiwa cha Bermuda, mbali na baridi. Kutoka huko alimwandikia mama yake, Antoinette, barua nyingi zenye uchangamfu wa kustaajabisha kwa mtoto aliyekuwa akikonda kila mwezi.

Njaa ilikuwa naye hata hivyo. Siku moja ya kuzaliwa kwake, kwa kuwa hakuruhusiwa keki, walichukua boksi la kofia wakalifunika kwa karatasi za rangi ya waridi na nyeupe, wakapanga mishumaa juu yake. Hiyo ndiyo ilikuwa keki. Katika matembezi ya kiangazi, wenzake walikula nyama, samaki, mahindi na tikiti maji, naye alikuwa na kikaango chake kidogo cha kukaangia yai lake mwenyewe.

Naomba usipite haraka hapo. Watu wa nyumbani hawakujifanya kuwa sikukuu haipo, na hawakumfungia chumbani ili asione wengine wakila. Walimpa nafasi mezani na kazi ya kufanya jikoni. Hawakuweza kumwondolea njaa, ila walimwondolea upweke.

Mvulana aliyekula chakula cha ndege

Si watoto wote waliweza utiifu ule. Allen alikuwa na mgonjwa mwingine, mvulana wa miaka 12 ambaye kisukari kilikuwa kimempofusha. Alilazwa, akafungishwa, lakini sukari ikawa haiishi kwenye mkojo. Madaktari walishangaa: mtoto haoni, ni dhaifu, chakula anakipata wapi? Baada ya kukana kwa muda mrefu, alikiri. Alikuwa akila dawa ya meno, na akila mbegu za ndege kutoka kwenye kizimba cha ndege aliyekuwa ameomba awekewe chumbani. Kwa kuwa alikuwa kipofu, hakuna aliyemdhania. Chakula chake kikabanwa tena, na mwisho mtoto yule alikufa kwa njaa.

Sasa niambie, msomaji: yule alikuwa mwizi? Alikuwa mwongo? Mimi naona mwili wa mtoto uliokuwa ukipigania kuishi. Uongo ulikuja baadaye, kwa sababu ukweli ungemletea adhabu ya njaa zaidi.

Kwa nini akili haitoki kwenye chakula

Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya, waliojitolea, kwa muda wa majuma 24. Walikuwa watu wazima, wenye nidhamu, na walijua siku ya mwisho wa jaribio. Hata hivyo, kadiri wiki zilivyopita chakula kilitawala mazungumzo na mawazo yao. Walisoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Walikula polepole sana, wakichezea chakula ili kisiishe, na wakalamba sahani. Wengine walivunja masharti kwa siri.

Ikiwa watu wazima wenye akili timamu walifika hapo, mtoto wa miaka minne afanyeje? Ubongo ukipata habari kwamba chakula hakitoshi, huweka chakula mbele ya kila kitu. Mtoto haamui kuwaza chakula, kama ambavyo hakuamua kuhisi kiu.

Liko jambo la pili, na hili halihitaji hata njaa. Watafiti Jennifer Fisher na Leann Birch waliwachunguza watoto wa umri wa chekechea waliowekewa kitafunio mbele ya macho lakini wakazuiwa kukila. Watoto walikizungumzia zaidi na kukitaka zaidi kuliko kingine cha aina hiyohiyo ambacho hawakuzuiwa. Kumbe katazo lenyewe huongeza utamu.

Toronto, Agosti 1922

Katika kiangazi cha mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walianza majaribio yaliyozaa insulini, wakisaidiwa na Profesa John Macleod na mkemia James Collip. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo mjini humo.

Mama yake Elizabeth alimwandikia Banting kumwombea binti yake. Mwanzoni Banting alikataa, kwa kuwa dawa ilikuwa haba. Wiki chache baadaye akakubali. Agosti 1922, siku chache kabla ya kutimiza miaka 15, Elizabeth alifika Toronto. Alikuwa na urefu wa sentimita 152 na uzito wa kilo 20. Wakati ugonjwa unaanza, alikuwa na kilo 34. Ngozi yake ilikuwa kavu yenye magamba, nywele zimekatika, misuli imeisha, na kutembea kwenyewe kulikuwa kwa shida.

Alichomwa insulini. Katika wiki chache tu alikuwa akila zaidi ya kalori 2,000 kwa siku, mkate na viazi vikiwemo, vyakula alivyokuwa amevikosa kwa zaidi ya miaka mitatu. Barua zake kwa mama zilijaa habari za alichokula na alichoongezeka. Mwishoni mwa Novemba alirudi nyumbani kuila Sikukuu ya Shukrani pamoja na wazazi wake.

Alimaliza Chuo cha Barnard mwaka 1929, akaolewa mwaka 1930 na mwanasheria William Gossett, akazaa watoto watatu. Mwaka 1974 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jumuiya ya historia ya Mahakama ya Juu ya Marekani, na ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 73, baada ya sindano za insulini zinazokadiriwa kufika 42,000.

Lakini karibu maisha yake yote aliuficha ugonjwa huo. Marafiki wengi na watu aliofanya nao kazi hawakujua. Mwili ulipona njaa, bali ile siri aliibeba hadi uzeeni. Kwa hiyo tuangalie tunawapandia nini watoto wetu tunapowaita walafi mbele za watu.

Wewe ufanye nini nyumbani

Kwanza, kama mwanao ana kisukari cha aina ya kwanza, usimlaze njaa ili sukari ishuke. Tiba hiyo iliishia mwaka 1922. Mtoto mwenye insulini anapaswa kula chakula cha kutosha kumkuza: ugali, wali, viazi, ndizi, maharage, mboga na matunda, kwa kipimo kinachoendana na sindano zake. Kama sukari iko juu, zungumza na kliniki kuhusu dozi. Usipunguze sahani kwa uamuzi wako, na usiache sindano hata kama hali chakula vizuri. Piga simu au nenda uulize.

Pili, mtoto wa kisukari akisema ana njaa, pima sukari kabla ya kugomba. Njaa ya ghafla yenye jasho, kutetemeka au hasira yaweza kuwa sukari imeshuka. Ikiwa chini ya 4 (au 70 kwa mashine za kipimo kingine), mpe haraka vijiko vidogo viwili hadi vitatu vya sukari kwenye maji, au juisi nusu glasi, kisha upime tena baada ya dakika 15. Huna kipimo na dalili zipo? Mpe. Akiwa amezimia au hawezi kumeza, usimtilie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Njaa isiyoisha yenye kiu na kukojoa sana, kwa upande mwingine, yaweza kuonyesha kuwa insulini haitoshi.

Tatu, zipo dawa zinazoleta njaa. Mtoto wa figo anayevimba mwili, akitumia prednisoloni, atakula kama hajawahi kula. Hiyo ni dawa, si tabia. Usiikatishe. Mwekee karibu vyakula alivyoruhusiwa vinavyoshibisha bila chumvi nyingi, na umweleze daktari.

Nne, kisichofaa kisikae mezani. Kama soda na biskuti hazifai kwa mmoja, zisiwe kabatini kwa ajili ya wengine huku yeye akitazama. Nyumba nzima ikila chakula kimoja, katazo hupungua nguvu.

Tano, mpangie saa za kula na umwambie. Mtoto anayejua kuwa saa nne kuna tunda na saa saba kuna chakula hutulia zaidi kuliko yule anayeambiwa subiri kila akiuliza. Mwache akusaidie kuchambua mchele au kuosha mboga. Akienda kwenye sherehe, ale kwanza, na abebe chake kizuri cha kula pamoja na wenzake.

Sita, akidokoa, usimpige wala usimtangaze. Muulize kwa upole alikula nini na kiasi gani, kwa sababu unahitaji jibu la kweli ili umtibu. Mtoto anayeogopa kiboko atakuficha, na kwa kisukari au mzio, kuficha huko kunaweza kumuua.

Saba, mpime uzito na urefu kila mnapokwenda kliniki. Ukiona haongezeki, anaficha chakula chini ya godoro, anaamka usiku kutafuta kula, au anakula visivyo chakula kama udongo, mweleze daktari au afisa lishe. Huenda masharti yamebana kupita kiasi, au upo upungufu wa damu, au tatizo jingine linalohitaji uchunguzi.

Na wewe ambaye mwanao hana ugonjwa wowote unaojulikana, lakini siku hizi anakunywa maji kama mfereji, anakojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, anakula sana na nguo zinampwaya: usingoje wiki ijayo. Nenda kituo cha afya leo, na omba apimwe sukari. Ni tone moja la damu kutoka kidoleni.