Salme, Binti wa Sultani wa Unguja, na Ndugu Zake

Sisi wa Kirungu na kando zote za ziwa Tanganyika, jina la Unguja tulilipata kwa mababu, maana misafara ya pembe na ya watumwa ilielekea huko. Leo tusome habari za mtoto mmoja wa nyumba ile ya kifalme.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake ni Seyyid Said, sultani wa Oman na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa angali mtoto, akauzwa, akawa suria wa sultani. Watoto walikuwa wengi, wa mama mbalimbali. Wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hapana. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akichora herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Ujuzi ule ndio ulioleta shida. Baba alikufa baharini mwaka 1856, Majid akapata ufalme wa Unguja. Mwaka 1859 mama naye akafa kwa kipindupindu, na Barghash akataka kumwondoa Majid. Sasa tazameni: Majid ndiye kaka aliyekaa nyumba moja na Salme na mama yake, tena kwa upendo. Lakini Khole, dada aliyempenda kuliko wote, alikuwa upande wa Barghash, na Salme akamfuata dada. Akiwa na miaka 15 akafanywa karani wa njama, maana alijua kuandika barua. Waingereza wakamsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay. Salme hakuadhibiwa. Baadaye akapatana na Majid, akamwachia hata nyumba yake ya Bububu, na hapo Khole na Barghash wakamwona msaliti.

Akabaki kama mpweke. Jirani yake mjini alikuwa mfanya biashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Wakapendana, naye akapata mimba. Kwa binti wa sultani jambo hilo lilikuwa hatari ya kufa. Mwezi wa Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden, akamzaa mtoto wa kiume huko. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa, akaitwa Emily, na siku ileile akafunga ndoa na Ruete. Mtoto yule akafa safarini kwenda Ulaya.

Kule Hamburg akazaa watoto watatu. Mwezi wa Agosti 1870 mumewe akaanguka chini ya gari la reli la mjini, akafa. Miezi miwili baadaye Majid akafa pia, na Barghash akawa sultani. Mjane wa miaka 26, mbali na kwao, watoto watatu mikononi!

Mwaka 1875 Barghash alipokuwa mgeni wa malkia Victoria, Salme alikwenda London apate kumwona. Wakubwa wa Kiingereza wakamshawishi aache, wakaahidi kuwasaidia watoto wake. Ahadi hiyo haikutimizwa. Mwaka 1885 akarudi Unguja kwa manowari za Wajerumani, akidai urithi wake. Watu barabarani walimsalimu kwa furaha, lakini kaka alikataa kuonana naye. Na Wajerumani nao walikuwa na shauri lao, yaani kumtisha Barghash. Dada mtu alikuwa chombo tu.

Mwaka uliofuata kitabu cha maisha yake kilitoka. Humo aliutetea utumwa. Hapo sisi, ambao wazee wetu walifungwa minyororo katika nchi hii, hatuwezi kukubaliana naye, ingawa mama yake mwenyewe aliuzwa. Aliungama pia kwamba hakujiona Mkristu mwema. Ni ungamo la kweli la mtu aliyeitwa mbali na kwao upesi mno.

Barghash alikufa mwezi wa Machi 1888 pasipo kupatana naye. Salme akaenda tena Unguja mwaka ule. Sultani mpya, Khalifa, ni ndugu yake pia, naye hakumpokea. Baadaye akakaa miaka mingi Beirut mpaka 1914, kisha akarudi Ujerumani. Alikufa Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg katika kaburi la jamaa ya mumewe. Katika vitu vyake walikuta kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja.